Umeme hafifu kwa ugonjwa wa Alzheimer: Matumaini ya utafiti na tahadhari kwa familia

Familia inayomuuguza mzee mwenye ugonjwa wa Alzheimer huishi na swali moja kila siku: je, ipo namna ya kuirudisha kumbukumbu inayopotea? Mzazi aliyewalea watoto huanza kwa kusahau mahali alipoweka fedha, kisha akasahau njia ya kurudi nyumbani, na hatimaye majina ya watoto wenyewe. Katika hali hiyo, habari ya kifaa kidogo kinachovaliwa kichwani na kupitisha umeme hafifu kwenye ubongo, bila upasuaji wala sindano, hupokewa kwa matumaini makubwa.

Kifaa cha aina hiyo si hadithi ya kubuni. Kwa zaidi ya miaka 20 vyuo vikuu na hospitali za utafiti barani Ulaya na Marekani vimekuwa vikichunguza iwapo umeme unaopitishwa juu ya ngozi ya kichwa unaweza kusaidia ubongo unaodhoofika, na baadhi ya matokeo yanatia moyo. Hata hivyo, kuna umbali kati ya matokeo ya utafiti na tiba iliyothibitishwa, na familia isiyoufahamu umbali huo inaweza kupoteza fedha, muda na hata usalama wa mgonjwa. Makala haya yanaeleza namna usisimuaji huo wa ubongo unavyofanya kazi, utafiti umefikia wapi, na mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyauliza kabla ya kuikubali huduma ya namna hiyo.

Ugonjwa wenyewe

Alzheimer ni aina inayoongoza ya demensia, yaani hali ya kudhoofika kwa kumbukumbu, fikra na uwezo wa kujitegemea kunakosababishwa na magonjwa ya ubongo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kila mwaka hutokea wagonjwa wapya wanaokaribia milioni 10. Alzheimer huchangia kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa wote wa demensia.

Ugonjwa huu una jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 aliwaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen habari za mwanamke aliyemhudumia mjini Frankfurt. Mwanamke huyo alikuwa amepoteza kumbukumbu akiwa na umri wa miaka ya 50. Baada ya kifo chake, daktari huyo alichunguza ubongo wake kwa hadubini na kuona mambo mawili ambayo hadi leo ndiyo alama za ugonjwa: mabaka ya protini iitwayo amiloidi katikati ya seli za neva, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli hizo, ambazo baadaye zilitambulika kuwa za protini iitwayo tau.

Mabadiliko hayo huanza miaka mingi kabla ya dalili kuonekana. Seli za neva hupoteza mawasiliano kati yake, kisha hufa, na ubongo husinyaa. Sehemu zinazohusika na kuhifadhi kumbukumbu mpya huwa miongoni mwa zinazoathirika mapema. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kusimulia kwa ufasaha mambo ya ujana wake huku akiwa amesahau chakula alichokula saa moja iliyopita.

Dawa zilizopo zina msaada wenye mipaka. Donepezil, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1996, na nyingine za kundi lake hupunguza dalili kwa muda kwa baadhi ya wagonjwa, lakini hazizuii ugonjwa kuendelea. Dawa mpya zinazoondoa amiloidi, lecanemab iliyopata idhini kamili ya Marekani mwaka 2023 na donanemab iliyoidhinishwa mwaka 2024, hupunguza kasi ya ugonjwa kwa wagonjwa walio katika hatua za mwanzo. Dawa hizo hazirudishi kumbukumbu iliyopotea, zinahitaji vipimo vya picha za ubongo mara kwa mara, na zinaweza kusababisha uvimbe au kuvuja kwa damu ndani ya ubongo. Pengo hilo ndilo linalowafanya watafiti watafute njia nyingine, ukiwamo umeme.

Kwa nini umeme?

Ubongo hufanya kazi zake kwa umeme na kemikali. Seli moja ya neva inapotaka kuwasiliana na nyingine, badiliko dogo la umeme hupita kwenye uzi wake mrefu hadi mwisho, ambako kemikali humwagwa na kuipa taarifa seli inayofuata. Mabilioni ya seli yanapofanya hivyo kwa mpangilio, hutokea mawimbi ya umeme yanayoweza kupimwa kwa vipokezi vilivyobandikwa juu ya ngozi ya kichwa. Kwa watu wenye Alzheimer, mawimbi hayo hubadilika: yale ya kasi hupungua nguvu na yale ya polepole huongezeka.

Wazo la watafiti ni kwamba, iwapo ugonjwa huvuruga mawasiliano hayo, huenda umeme kutoka nje ukasaidia kuyaimarisha. Njia tatu ndizo zinazochunguzwa zaidi, na ni muhimu kuzitofautisha kwa sababu mara nyingi matangazo ya biashara huzichanganya.

Njia ya kwanza hutumia mkondo wa umeme unaokwenda upande mmoja, kama ule wa betri. Elektrodi mbili zilizowekwa ndani ya sponji zenye maji ya chumvi hufungwa kichwani kwa mkanda. Umeme unaopitishwa huwa miliampia 1 hadi 2 kwa muda wa dakika 20 hadi 30. Kiasi hicho ni kidogo mno na hakitoshi kuilazimisha seli ya neva kutuma taarifa. Kinachofanyika ni kuisogeza seli karibu zaidi na hatua ya kufanya kazi, au kuirudisha mbali nayo, kulingana na upande ambao umeme unaingilia. Mwaka 2000 watafiti Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walichapisha utafiti ulioonesha kwamba badiliko hilo linaweza kuendelea kwa dakika kadhaa hata baada ya kifaa kuzimwa. Utafiti huo ndio uliofufua shughuli za kisayansi katika eneo hili.

Njia ya pili hutumia mkondo wa umeme unaogeuka huku na huku kwa kasi iliyopangwa. Hapa lengo ni kuyavuta mawimbi ya ubongo yafuate mdundo fulani, mfano mara 40 kwa sekunde, mdundo unaohusishwa na umakini na kumbukumbu.

Njia ya tatu hutumia sumaku. Koili ya waya huwekwa karibu na kichwa na kupitishiwa umeme mkali kwa muda mfupi sana. Sumaku inayotokea hupenya fuvu bila kizuizi na kuzalisha umeme ndani ya ubongo wenyewe. Mashine ya kwanza ya aina hiyo ilioneshwa na Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Tofauti na njia mbili za kwanza, hii ina nguvu ya kuzifanya seli za neva zitume taarifa papo hapo, kiasi kwamba ikielekezwa kwenye sehemu inayoongoza mkono, vidole hucheza vyenyewe.

Njia zote tatu ni tofauti na tiba ya mshtuko wa umeme iliyoanza mjini Roma mwaka 1938, ambayo bado hutumika hospitalini kwa baadhi ya wagonjwa wenye sonona kali. Tiba hiyo hutumia mamia ya miliampia, mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi, na lengo lake ni kuleta degedege fupi chini ya uangalizi wa madaktari. Usisimuaji unaozungumziwa hapa hufanyika mgonjwa akiwa macho, ameketi kitini, akiweza kuzungumza.

Utafiti umeonesha nini?

Mwaka 2008 watafiti wa Milan, Italia, waliwachunguza watu 10 wenye Alzheimer kwa kutumia njia ya kwanza. Umeme ulipoingizwa upande mmoja juu ya maeneo ya pembeni mwa kichwa, uwezo wa wagonjwa kutambua maneno waliyokwisha kuoneshwa uliongezeka. Ulipogeuzwa upande wa pili, uwezo huo ulipungua. Ulikuwa utafiti mdogo wa muda mfupi, lakini ulitoa fundisho la kudumu: umeme ule ule unaosaidia ukiwekwa vizuri, unaweza kudhuru ukiwekwa vibaya.

Miaka iliyofuata ilileta majaribio mengi, mengi yakiwa na wagonjwa wachache na matokeo yanayopingana. Mwaka 2017 kundi la wataalamu wa Ulaya lilichapisha mapitio ya ushahidi wote kuhusu njia hiyo ya kwanza. Liliona ushahidi wa kiwango cha kati kwa sonona, kwa aina mojawapo ya maumivu sugu ya mwili na kwa uraibu. Kwa Alzheimer, ushahidi haukutosha kutoa pendekezo lolote.

Matokeo yaliyovuta macho ya wengi upande wa mkondo unaogeuka yalichapishwa mwaka 2022 na timu ya Robert Reinhart wa Chuo Kikuu cha Boston, Marekani. Watu 150 wenye umri wa miaka 65 hadi 88 walishiriki. Waliopata umeme halisi kwa dakika 20 kwa siku nne mfululizo walikumbuka orodha za maneno vizuri zaidi kuliko wenzao, na nafuu hiyo ilidumu walau mwezi mmoja. Mdundo wa polepole, uliowekwa nyuma ya kichwa, uliboresha kumbukumbu ya muda mfupi. Mdundo wa kasi, uliowekwa mbele, uliboresha kumbukumbu ya muda mrefu. Jambo la kuzingatia ni kwamba washiriki hao hawakuwa wagonjwa wa Alzheimer. Walikuwa wazee wenye afya, na kipimo kilikuwa orodha za maneno, si uwezo wa kupika, kuvaa au kutambua ndugu.

Kwa wagonjwa wenyewe, moja ya tafiti zenye uzito ni ile ya njia ya sumaku iliyoongozwa na Giacomo Koch katika taasisi ya Santa Lucia mjini Roma, ambayo pia ilichapishwa mwaka 2022. Wagonjwa 50 wenye Alzheimer ya kiwango cha chini hadi cha kati waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilipata usisimuaji halisi juu ya eneo la katikati kuelekea nyuma ya ubongo, eneo linalohusika na kumbukumbu za maisha ya mtu na linaloathirika mapema na ugonjwa. Kundi la pili lilipata usisimuaji bandia, yaani mashine ililia na kuwekwa kichwani vile vile bila kufanya kazi. Wiki mbili za mwanzo huduma ilitolewa siku tano kwa wiki, kisha mara moja kwa wiki kwa wiki nyingine 22.

Baada ya wiki hizo 24, waliopata usisimuaji halisi walikuwa karibu na hali waliyoanza nayo katika kipimo cha jumla cha ukali wa ugonjwa, ilhali wenzao walikuwa wameshuka. Uwezo wa kufanya shughuli za kila siku nao ulilindwa. Hakuna aliyepona. Lakini kwa ugonjwa ambao kawaida yake ni kushuka, kubaki mahali pamoja kwa karibu nusu mwaka ni jambo lenye thamani kwa mgonjwa na kwa anayemuuguza. Kinachosubiriwa ni kuona iwapo matokeo hayo yatajirudia kwa mamia ya wagonjwa, katika hospitali nyingi na kwa muda mrefu zaidi.

Upo pia mkondo wa utafiti unaotumia mwanga na sauti badala ya umeme wa moja kwa moja. Mwaka 2016 maabara ya Li-Huei Tsai katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, iliripoti kwamba mwanga unaomemeteka mara 40 kwa sekunde ulipunguza amiloidi katika ubongo wa panya. Habari hiyo ilisambaa duniani. Mwaka 2023 watafiti wengine wa Marekani walichapisha matokeo ya kurudia kazi hiyo, na hawakuona upungufu huo wa amiloidi. Mjadala unaendelea, na hivyo ndivyo sayansi inavyopaswa kwenda: matokeo ya maabara moja hupimwa kwa matokeo ya maabara nyingine.

Kwa nini bado si tiba rasmi?

Sababu ya kwanza ni maumbile ya kichwa. Ngozi, misuli na fuvu huzuia au kukwepesha sehemu kubwa ya umeme kabla haujafika kwenye ubongo. Uchunguzi uliofanyika kwenye miili ya marehemu na kuchapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba takribani robo tatu ya umeme uliowekwa juu ya ngozi haufiki ndani. Unene wa fuvu hutofautiana kati ya mtu na mtu, kwa hiyo kiasi kile kile cha miliampia kinaweza kuwa na nguvu tofauti kwa wagonjwa wawili.

Sababu ya pili ni ugonjwa wenyewe. Ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer husinyaa na nafasi inayobaki hujazwa na majimaji yanayopitisha umeme kwa urahisi. Umeme uliolengwa eneo fulani unaweza kufuata majimaji hayo na kwenda kwingine. Aidha, sehemu ambayo seli zake zimekwisha kufa haiwezi kuamshwa na umeme wa aina yoyote. Ndiyo sababu tafiti nyingi huchagua wagonjwa wa hatua za mwanzo, na matokeo yake hayawezi kuhamishiwa kwa mgonjwa aliyekwisha kuwa kitandani.

Sababu ya tatu ni nguvu ya matumaini. Mgonjwa anayehudumiwa kila siku, akazungumzishwa na kufanyiwa mazoezi ya kumbukumbu, anaweza kuonesha nafuu hata kama kifaa hakifanyi kazi. Ili kuliepuka kosa hilo, watafiti hutumia usisimuaji bandia: katika njia ya kwanza, kwa mfano, kifaa huwashwa kwa sekunde 30 hivi ili mgonjwa ahisi mwasho, kisha huzimwa bila yeye kujua. Tafiti zisizo na kundi la aina hiyo haziwezi kutenganisha kazi ya umeme na kazi ya uangalizi mwema.

Kwa sababu hizo, hadi kufikia mwaka 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilikuwa haijaidhinisha kifaa chochote cha usisimuaji wa ubongo kwa ajili ya kutibu Alzheimer. Mashine za sumaku ziliruhusiwa nchini humo mwaka 2008 kwa wagonjwa wa sonona ambao dawa haikuwasaidia. Ruhusa hiyo ya sonona si ruhusa ya Alzheimer, ingawa tangazo la biashara linaweza kuitaja kwa namna inayomfanya msomaji adhani hivyo.

Usalama na matumizi ya nyumbani

Katika mazingira ya utafiti, rekodi ya usalama ni nzuri. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2016, yaliyohusisha zaidi ya vipindi 33,000 vya njia ya kwanza, hayakuona madhara makubwa au ya kudumu pale viwango vya kawaida vilipozingatiwa. Madhara yanayoonekana ni mwasho, kuchomachoma, wekundu wa ngozi na maumivu ya kichwa ya muda mfupi. Sponji ikikauka au elektrodi ikikaa vibaya, ngozi inaweza kuungua. Njia ya sumaku inaweza kusababisha degedege, ingawa ni kwa nadra.

Watu wenye kifafa, wenye chuma au kifaa kilichopandikizwa kichwani, na wenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hawapaswi kutumia huduma hizi bila uamuzi wa daktari bingwa. Mgonjwa wa demensia ana hatari ya ziada: anaweza kushindwa kueleza kwamba anaungua au anaumwa.

Jambo linalowatia wasiwasi wataalamu ni matumizi ya nyumbani. Kifaa cha betri kinachotoa miliampia 2 si kigumu kutengeneza, na vifaa vya aina hiyo huuzwa mtandaoni. Mwaka 2016 kundi la wanasayansi wa ubongo lilitoa barua ya wazi kwa watu wanaojisisimua ubongo wenyewe. Walitahadharisha kwamba umeme huathiri maeneo mengi zaidi ya lile lililokusudiwa, kwamba kuboresha uwezo mmoja wa akili kunaweza kudhoofisha mwingine, na kwamba mabadiliko yanaweza kudumu kuliko inavyotarajiwa.

Mambo ya kuuliza kabla ya kukubali

Nchini Tanzania, vifaa tiba vinadhibitiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kwa mujibu wa Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219. Zanzibar jukumu hilo liko chini ya Wakala wa Chakula na Dawa. Familia inayopewa ushauri wa kutumia kifaa cha usisimuaji wa ubongo inapaswa kupata majibu ya maswali yafuatayo.

Kwanza, je, mgonjwa amethibitishwa na daktari kuwa na Alzheimer? Usahaulifu unaweza kusababishwa na sonona, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, maambukizi, kiharusi au dawa anazotumia mzee. Baadhi ya hali hizo zinatibika kikamilifu, na kuzifunika kwa kifaa cha umeme ni kumnyima mgonjwa tiba iliyopo.

Pili, je, kifaa kimesajiliwa, na kimesajiliwa kwa ugonjwa gani? Kifaa kilichokubaliwa kwa maumivu au sonona hakijakubaliwa kwa kumbukumbu.

Tatu, je, huduma inayotolewa ni tiba au ni utafiti? Utafiti halali unaohusisha binadamu huwa na kibali cha maadili, ambacho kwa Tanzania Bara hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na kamati zinazotambuliwa. Mshiriki au msimamizi wake husaini fomu ya ridhaa baada ya kuelezwa faida na hatari, na ana haki ya kujitoa wakati wowote. Anayeombwa kulipa fedha nyingi ili aingie kwenye kile kinachoitwa utafiti ana sababu ya kusita na kuomba kuona kibali.

Nne, je, mtoa huduma anaahidi uponyaji? Hakuna utafiti wowote wa usisimuaji wa ubongo ulioonesha kwamba Alzheimer inapona. Ahadi ya namna hiyo peke yake inatosha kuwa ishara ya hatari.

Tano, je, mgonjwa ameambiwa aache dawa zake? Katika tafiti za hospitali, usisimuaji huongezwa juu ya matunzo ya kawaida. Dawa za shinikizo la damu, kisukari au kumbukumbu hazipaswi kusimamishwa ila kwa maelekezo ya daktari.

Yanayowezekana sasa

Uchunguzi uliofanyika katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, kati ya mwaka 2009 na 2010 ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia. Wengi wao walikuwa hawajawahi kutambuliwa na mtoa huduma yeyote wa afya, kwa kuwa usahaulifu ulichukuliwa kuwa ni uzee tu. Pale tabia ya mzee inapobadilika ghafla, dhana za ushirikina nazo huingia, na mgonjwa anayehitaji matunzo huishia kutengwa au kushukiwa.

Wilaya hiyo hiyo ilitumika kujaribu tiba isiyohitaji umeme. Wazee 34 wenye demensia ya kiwango cha chini hadi cha kati walikutanishwa katika vikundi vidogo na kuongozwa katika mazungumzo, nyimbo, michezo na kazi za mikono zilizochaguliwa kulingana na maisha yao ya kijijini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionesha nafuu katika uwezo wa kufikiri, pamoja na kupungua kwa wasiwasi na kwa mabadiliko ya tabia. Tiba hiyo hutumika pia Uingereza na nchi nyingine, na gharama yake kubwa ni muda wa watu waliofunzwa. Ni kumbusho kwamba ubongo husisimuliwa pia na mazungumzo na watu wengine.

Kinga nayo ina nafasi kubwa. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilieleza mwaka 2024 kwamba takribani asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa iwapo visababishi 14 vingedhibitiwa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, lehemu nyingi mbaya, uvutaji wa sigara, unywaji pombe kupita kiasi, majeraha ya kichwa, kutosikia au kutoona vizuri kusikotibiwa, kutofanya mazoezi, upweke na kukosa elimu utotoni. Mzee anayepimwa shinikizo la damu katika zahanati ya kijiji, au anayepata miwani kwa wakati, analindwa dhidi ya ugonjwa ambao bado hauna tiba ya kuuponya.

Familia inayoona dalili inashauriwa kumpeleka mzee katika kituo cha afya mapema, ikiwa na maelezo ya lini usahaulifu ulianza, umeendaje, na dawa anazotumia. Rufaa ya daktari humfikisha katika hospitali yenye wataalamu wa magonjwa ya ubongo au afya ya akili. Kutambuliwa mapema humpa mgonjwa mwenyewe nafasi ya kueleza matakwa yake kuhusu matunzo na mali akiwa bado na uwezo wa kuamua. Nafasi hiyo ikishapita, hakuna kifaa kinachoweza kuirudisha.

Utafiti wa umeme hafifu utaendelea, na upo uwezekano kwamba siku moja utaingia katika orodha ya tiba rasmi za Alzheimer, hasa kwa wagonjwa wa hatua za mwanzo. Siku hiyo ikifika, uthibitisho utatoka kwenye majaribio makubwa na idhini ya mamlaka za udhibiti. Hadi hapo, anayeuza kifaa kwa ahadi ya kurudisha kumbukumbu anauza jambo ambalo sayansi yenyewe bado haijaliahidi.